Dada yake anapata boom, yeye hana hata nauli ya VETA

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Muheza. Mume wangu alifariki, huu ni mwaka wa sita. Aliniachia miti ya michungwa kama arobaini, na msimu ukiisha nakaanga samaki na mihogo pale stendi kila jioni. Nina jambo linaninyima usingizi. Kama nimekosea mahali, niambie tu, mimi siyo mtu wa kununa.

Binti yangu mkubwa yuko chuo kikuu Dodoma, mwaka wa pili. Alifaulu vizuri kidato cha sita, akaomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, akapata. Ada inalipwa, na kila baada ya muda anaingiziwa hela ya chakula na malazi, wenyewe wanaiita boom. Tangu aende huko sijamtumia hata nauli. Yeye ndiye hunitumia mimi, leo elfu thelathini, siku nyingine hamsini, maana hali ya nyumbani anaijua.

Mdogo wake ni wa kiume. Alimaliza kidato cha nne mwaka jana akapata divisheni four. Ana D nne: Kiswahili, Uraia, Jiografia na Baiolojia. Hesabu ndiyo usiseme. Lakini mikono yake, Shangazi! Jiko ninalokaangia samaki kalitengeneza mwenyewe kwa rimu ya gari na vipande vya nondo. Geti la mwalimu jirani liling'oka bawaba, akaenda kuazima mashine kwa fundi, akalirudisha, mpaka leo limesimama. Anataka kusomea uchomeleaji VETA, chuo cha ufundi stadi cha serikali, pale Tanga. Anasema bomba la mafuta linaishia pale Chongoleani, wachomeleaji watatafutwa kwa tochi.

Nikaenda kuulizia. Nikaambiwa mkopo wa Bodi hauhusu VETA. Nikasema, mbona redioni walitangaza mikopo imeongezwa mpaka vyuo vya kati? Kijana wa ofisini akacheka, "Mama, VETA siyo chuo cha kati." Nikarudi nyumbani sijaelewa, na nauli nimemaliza. Muheza kwenda Tanga tunalipa elfu mbili, kurudi elfu mbili.

Wiki iliyofuata likapita gari lenye spika. Chuo binafsi cha mjini wanasajili. Ufundi mwaka mmoja, milioni moja na laki mbili. Bwana anayesajili alikaa kibarazani kwangu, akanywa chai yangu, akaniambia nikitoa laki tatu za kushika nafasi, mtoto ataingizwa kwenye mkopo wa serikali na zilizobaki serikali itamaliza. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, anasema niuze ile michungwa kumi na mitano ya barabarani, kuna mtu anataka kiwanja. "Uza, mtoto asome chuo cha maana. VETA ni ya waliofeli."

Mtoto akisikia hivyo anasema mama achana nayo, wewe niruhusu tu niendeshe bodaboda ya watu. Na binti yangu juzi kanipigia, anataka kugawana boom nusu kwa nusu na mdogo wake. Nililia mpaka samaki wakaungua.

Nitoe hizo laki tatu? Niuze michungwa? Na lingine hili sijui hata kama ni swali: hawa wawili wamelala kitanda kimoja, wamekula sufuria moja. Umaskini wao ni mmoja. Kwa nini serikali imemwona mmoja tu?

(Tanga mjini nina dada yangu mkubwa, anakaa Mabawa. Nakutajia usije ukaniuliza. Hatusemezani tangu mirathi ya mama.)

*Mama wa Wawili, Muheza*

Shangazi anajibu

Marahaba, mwanangu. Pole na samaki.

Laki tatu usitoe. Nimeliweka hilo mwanzo kwa sababu najua gazeti hili linaweza kukufikia jioni na yule bwana akarudi asubuhi. Mkopo wa Bodi haupitii kibarazani kwa mtu. Mwombaji mwenyewe hujaza maombi kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo, kwa jina lake na vyeti vyake, na Bodi ndiyo inayoamua. Hakuna msajili wa chuo mwenye uwezo wa "kumwingiza" mtu. Na kwa kozi ya ufundi stadi ya mwaka mmoja, huo mkopo anaouuza na chai yako haupo kabisa.

Mimi mwenyewe niliwahi kuliwa hivyohivyo. Mtoto wa kaka yangu nilimlipia miezi sita ya kompyuta kwenye chuo kilichokuwa ghorofa ya pili juu ya duka la vitenge. Mwezi wa nne tukakuta kufuli. Mwenye duka la vitenge ndiye aliyetupa habari kwamba jamaa wamehama usiku. Kwa hiyo nikikukaripia hapa, ujue najikaripia na mimi.

Vyuo binafsi vizuri vipo, tena vingine vinafundisha vizuri sana. Ila kabla ya kutoa hata shilingi, uliza namba ya usajili, halafu mwambie binti yako aitafute kwenye orodha ya NACTVET, baraza la taifa linalosajili vyuo vya ufundi na ufundi stadi. Ni kazi ya dakika kumi kwenye simu yake. Chuo kikikosekana humo, mazungumzo yameisha.

Sasa tumrudie yule kijana wa ofisini aliyekucheka. Alichosema ni kweli, adabu ndiyo aliyokosa. Mikopo iliyotangazwa redioni ilianza mwaka wa masomo 2023/24 kwa wanafunzi wa stashahada, ile diploma, na hata hapo ni kwa fani zilizochaguliwa: afya, ualimu wa masomo ya sayansi, usafirishaji, nishati, madini, kilimo na mifugo. Hivyo ndivyo watu wanavyoviita vyuo vya kati. VETA iko kwenye ngazi nyingine. Inatoa tuzo ya taifa ya ufundi stadi, ngazi ya kwanza mpaka ya tatu, na ngazi hizo sheria ya mikopo haijazifikia. Mwanao angekuwa na D ya Fizikia na ya Hesabu tungeongea habari za diploma ya ufundi. Kwa cheti alichonacho na ufundi anaoutaka, mlango wake ni VETA, na akifika ngazi ya tatu vipo vyuo vya kati vitakavyompokea kuanzia hapo. Kwa hiyo asidhani amefungiwa moja kwa moja.

Hebu tukae kwenye hesabu kidogo, usiogope, siyo zile za kidato cha nne.

Ada ya VETA kwa kozi ndefu, kwa miaka mingi, imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Kwa mwaka, mwanangu. Serikali imekwishabeba sehemu kubwa ya gharama. Ukilinganisha na milioni moja na laki mbili za bwana wa spika, unaona kwamba kwa ada tu ungesomesha watoto kumi wa bweni kwa mkupuo mmoja.

Lakini umeniambia nauli ni elfu mbili kwenda, elfu mbili kurudi. Siku tano za wiki ni elfu ishirini. Wiki tatu tu, kijana amekwishamaliza elfu sitini njiani. Yaani kwenye basi la Muheza analipa ada ya mwaka mzima kila baada ya wiki tatu, na bado hajala mchana, hajanunua ovaroli, buti, wala miwani ya kuzuia cheche. Na mchomeleaji hafundishwi ubaoni. Anafundishwa kwa kuunguza vijiti na vyuma, na mwisho wa siku anatoka na njaa ya mtu aliyefanya kazi.

Ndiyo maana nikisikia mtu anapiga kelele "ada ifutwe VETA", naitikia kwa nusu ya mdomo. Ifutwe, sawa. Ila kwako ingepunguza elfu sitini na kukuachia laki kadhaa zilezile za nauli, chakula na vifaa. Kinachomsomesha binti yako Dodoma siyo ada peke yake. Ni ile posho ya chakula na malazi, shilingi 10,000 kwa siku tangu ilipopandishwa kutoka 8,500. Boom ndiyo inayomweka darasani. Mdogo wake anahitaji boom kuliko anavyohitaji msamaha wa ada.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye swali lako uliloliita siyo swali.

Serikali haikuanza kumwona mtu siku moja, imekuwa ikifungua mlango mmoja mmoja. Januari 2016 ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne iliondolewa, na mwanao amesomea hapo. Mwaka 2022 ikafuata ya kidato cha tano na sita, 2023 mikopo ya diploma. Kila mlango umefunguliwa kwa aliyefaulu kupita ule wa kabla yake. Aliyebaki nje ni yule aliyefanya mtihani wa karatasi vibaya, ambaye ndiye mara nyingi anayekwenda VETA. Shemeji yako anasema VETA ni ya waliofeli, na mimi namuuliza: hela zetu nazo zinatoa watu madaraja?

Tena kuna jambo linaloniudhi zaidi, na waajiri wanalijua kuliko sisi. Kuna tozo inaitwa tozo ya kuendeleza ujuzi. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa serikalini asilimia 3.5 ya mishahara anayolipa, na kabla ya miaka hii ilikuwa juu zaidi, ikafika hadi asilimia 6. Jina lake linasema ujuzi. Ungetegemea iende yote kwenye karakana. Kumbe sehemu tu ndiyo imekuwa ikienda VETA, na fungu jingine limekuwa likisaidia mikopo ya elimu ya juu. Maana yake, kwa lugha ya jikoni kwako: mafuta yalinunuliwa kwa ajili ya kukaangia samaki, yamekaangia na mihogo ya jirani. Jirani hana kosa, naye ana njaa. Binti yako ni huyo jirani, na sisemi apokonywe. Nasema fungu la samaki lihesabiwe upya, maana hela ya kuwalisha wanafunzi wa ufundi haihitaji kodi mpya. Inahitaji bunge kusema tozo ya ujuzi iwalishe wanaojifunza ujuzi.

Wapo wanaodai Bodi iwakopeshe na wa VETA. Kenya wamefanya hivyo, bodi yao ya mikopo, HELB, inakopesha mpaka wa vyuo vya ufundi. Mimi sipendi, na nitakuambia kwa nini. Mkopo wa Bodi aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara. Aliyejiajiri anatakiwa arudishe asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi au laki moja kwa mwezi, isipungue. Mpe mwanao miaka miwili ya kwanza baada ya chuo, yuko kwenye kibanda cha kukodi, ana mashine moja, mwezi huu kapata mageti mawili, ujao hajapata kitu. Umwambie kila tarehe fulani aweke laki moja? Atakimbia mji. Kwake nataka ruzuku, hela isiyorudi, ndogo tu, ya tumbo na vifaa na nauli. Anayesoma kwa elfu sitini hapaswi kutoka na deni la mtu wa shahada.

Wenye hofu nao nawaelewa. Wanasema serikali ikianza kulipia kozi za ufundi kila mahali, kesho kila kichochoro kitaota chuo, na yule bwana wa spika atanunua gari la pili. Hofu hiyo ni ya kweli, na wenzetu wamekutana nayo. Marekani wana ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell, ya wanafunzi wa familia za kipato kidogo, haidai kurudishwa. Kwa muda mrefu haikugusa kozi fupi za kazi. Julai 2025 walipitisha sheria ya kuifikisha kwenye kozi za wiki 8 hadi chini ya 15, ianze kutumika Julai 2026, lakini wakaweka kigingi: kozi iwe imemalizwa na asilimia 70 ya walioianza angalau, na asilimia 70 wapate kazi, na gavana wa jimbo aithibitishe kwanza. Chuo kisichoonyesha watu wake wako wapi hakipati hela.

Sikutajii hayo ili uende Marekani. Nakutajia kwa sababu swali lao unaweza kulitumia wewe hapo kibarazani, bure. Bwana akirudi, mwambie: "Mwaka jana mlisajili wangapi uchomeleaji, wangapi walimaliza, na nitajie watatu tu wanaofanya kazi hapa Tanga nikawaone." Halafu nyamaza, ummiminie chai.

Haya, tuje kwenye kufanya.

Michungwa usiuze. Shemeji yako ana nia njema, naamini, ila ardhi ya barabarani Muheza ukishaiuza huirudishi, na mchungwa ulioshika unazaa miaka mingi kuliko kozi yoyote. Ungekuwa huna njia nyingine kabisa, tungebishana. Unayo.

Njia ya kwanza inakaa Mabawa. Usinikasirikie, umeitaja mwenyewe kwenye mabano, na mtu hataji kwenye mabano asichokitaka. Kijana akilala kwa mama yake mkubwa, nauli ya Muheza inakufa, na chakula kinakuwa cha sufuria ya nyumba. Mirathi ya mama yenu sijui ilikwendaje na sitaki kujua. Najua machungwa ya Muheza yana bei Tanga. Chukua tenga moja zuri, siyo yale ya chini ya mti, nenda nalo bila simu ya kutangulia, na usiongee mirathi siku hiyo. Ongea habari za mtoto. Wakubwa wengi hawawezi kumsamehe mdogo wao, lakini mtoto wa mdogo wao wanamfungulia mlango. Ukikubaliwa, weka wazi tangu mwanzo utachangia nini kwa mwezi, hata kama ni debe la mahindi. Kukaa kwa watu bila makubaliano ndiyo mwanzo wa mirathi nyingine.

Kama hilo limeshindikana, omba bweni. Tofauti yake na kutwa ni elfu sitini kwa mwaka, yaani zile wiki tatu za basi. Nafasi za bweni ni chache na zinagombaniwa, kwa hiyo omba mapema na uliza bweni lenyewe linajumuisha chakula kiasi gani. Na kabla hujaikazia macho Tanga mjini, uliza pia hukohuko wilayani kwenu Kiwanda, kwenye chuo cha maendeleo ya wananchi. Vyuo hivi vipo zaidi ya 50 nchini, vilianza miaka ya sabini, watu wamevisahau kwa sababu havina spika. Vinafundisha ufundi, na kwa wewe ni jirani. Halmashauri nayo iulize habari ya vyuo vya VETA vya wilaya. Serikali ilianza kujenga 63 kwa wilaya zilizokuwa hazina, kwa hiyo huenda kipo karibu kuliko unavyodhani.

Tena ukiwa hapo halmashauri usiondoke haraka. Muulize afisa maendeleo ya jamii au afisa vijana kuhusu mafunzo ya uanagenzi ya programu ya kukuza ujuzi, ambayo imekuwa ikiratibiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Humo serikali huwalipia vijana ada ya mafunzo ya miezi michache kwenye vyuo ilivyoingia navyo makubaliano. Hiyo ndiyo ruzuku ya ada ya mafunzo ya kazi tuliyonayo sisi, ipo, ila inakuja kwa awamu, nafasi zinatangazwa na kujaa kabla habari haijafika stendi. Acha jina na namba ya simu. Pita tena baada ya wiki mbili. Na tena. Maafisa ni watu, anayeonekana ndiye anayekumbukwa.

Kijana mwenyewe, muda huu anaosubiri asiutumie kijiweni. Kozi ndefu za VETA huanza Januari, na maombi hutangazwa nusu ya pili ya mwaka, kwa hiyo ana miezi kadhaa mkononi. Yule fundi aliyemwazima mashine, mwendee kwa heshima, mama mtu mzima, umwombe akae naye karakanani hata bila malipo, chakula cha mchana utampa wewe, samaki si unao? Akienda chuo tayari ameshika mashine, walimu watampenda. Na nafasi ikikosekana mwaka huu, kazi ile haipotei. VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi aliyejifunzia kazini anapimwa, mapengo yake yanazibwa kwa mafunzo mafupi, anapewa cheti. Mafundi wengi wenye mvi wamepata vyeti kwa njia hiyo.

Bodaboda simlaani. Imewalea wengi. Ila ya watu, kama anavyosema mwenyewe, ina hesabu ya kila siku kwa mwenye pikipiki, mvua inyeshe isinyeshe, na kijana anayerudisha hesabu kila jioni hapati hata siku ya kwenda kuchukua fomu. Kama lazima, aendeshe Jumamosi na Jumapili.

Kuhusu bomba, mpunguzie moto kidogo. Limetoka Hoima Uganda mpaka Chongoleani, kilomita 1,443, na mabomba yakishaunganishwa na kufukiwa hawachomelei tena kila siku. Mwanao akimaliza ngazi ya pili, kazi hiyo kubwa itakuwa imepita. Asisomee bomba. Asomee mageti, madirisha, majiko, matela ya pikipiki, vichanja vya sokoni. Nyumba zinazojengwa kati ya Muheza na Tanga zote zinahitaji geti, na wezi hawajaacha kazi.

Akishamaliza, hapo sasa kuna mahali pa kukopa nisipopakataa. Halmashauri kwa sheria inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kukopesha vikundi, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 kwa sababu ya upigaji, ikarejeshwa 2024. Akiwa na wenzake wenye vyeti, wakasajili kikundi, wanaweza kupata mashine na grinda. Mkopo wa mashine naupenda, kwa sababu mashine inaulipa. Na wewe mwenyewe kwenye fungu la wanawake umeshawahi kuuliza? Hilo jiko la rimu ya gari lingeweza kuwa majiko matatu.

Binti yako. Mwambie nimesema hapana kwa nusu kwa nusu. Elfu kumi kwa siku Dodoma, chumba kikitoka humo na maji na fotokopi, imebaki ya kula mara mbili. Akigawa, mtakuwa na wanafunzi wawili wenye njaa badala ya mmoja, na yeye akirudia mwaka, Bodi haitamwelewa kwamba alikuwa anasomesha. Na zile elfu hamsini anazokutumia zikome pia, au ziwe za sikukuu tu. Najua utanung'unika. Lipokee na hilo kwa machozi yaleyale.

Kazi ya kumpa ninayo, tena inamfaa mtoto wa chuo: maombi ya mdogo wake ayajaze yeye, kwa simu yake, atunze risiti na namba ya malipo, asimwachie mtu wa kibanda cha intaneti. Na jina liwe lile la kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi, liendane na cha kidato cha nne. Umesema kijana ana mikono, hukusema anaitwa nani, ila wa Tanga nawajua, kila mtoto ana jina la shuleni na jina la bibi.